Vigogo wa Bilderberg: kipi ni siri, kipi ni uzushi

Dhana: Kila mwaka vigogo wa Ulaya na Marekani hujifungia hotelini na kupanga dunia iendeshwe vipi.

Ukweli: Kikao hicho, kiitwacho Bilderberg, kipo, na mlango hufungwa kweli. Kilianza Mei 1954 katika Hotel de Bilderberg, Oosterbeek, Uholanzi. Hualikwa watu kama 130: mawaziri, wenye mabenki, wakuu wa makampuni, wasomi, wahariri. Wenyewe hujitetea kwamba hawapigi kura wala kutoa maazimio. Utetezi dhaifu huo. Wanaonong'onezana wana haja gani ya kura? Afadhali tutazame matokeo. Juni 2016 walikutana Dresden, Ujerumani, na umoja wa Ulaya ulikuwa kwenye ajenda. Serikali za pande zote mbili za Atlantiki zilitaka Uingereza ibaki katika Umoja wa Ulaya. Chini ya wiki mbili baadaye Waingereza wakachagua kujitoa, asilimia 52 kwa 48. Waendesha dunia gani hao wanaoangushwa na karatasi za kura?

Dhana: Hakuna ajuaye nani huhudhuria.

Ukweli: Majina na mada huwekwa kwenye tovuti yao. Kinachofichwa ni nani kasema nini.

Dhana: Ukialikwa, ikulu ni yako.

Ukweli: Hapa hutajwa Bill Clinton, aliyehudhuria 1991 akiwa gavana wa Arkansas, na Tony Blair, 1993, akiwa bado upinzani. Ni kweli: wa kwanza akaja kuwa rais wa Marekani, wa pili waziri mkuu wa Uingereza. Lakini waandaaji huwasaka wanasiasa ambao nyota zao zimeshaanza kung'aa, kwa hiyo baadhi lazima wafike juu. John Edwards naye alikwenda 2004, akawa mgombea mwenza wa urais wa Marekani, akaanguka. Huyo wazushi hawamtengenezei video.

Dhana: Basi anayelalamikia kikao hiki ni mpenda uzushi tu.

Ukweli: La hasha. Waziri kukaa siku tatu na wakuu wa makampuni anayopaswa kuyadhibiti, pasipo umma kujua walichozungumza, ni jambo la kuhojiwa. Tena doa wanalo: kikao cha 1976 kilifutwa baada ya mwenyekiti wao, Prince Bernhard wa Uholanzi, kuhusishwa na hongo za kampuni ya ndege ya Lockheed. Walioianika kashfa hiyo ni kamati ya Seneti ya Marekani, iliyowahoji wakuu wa kampuni hadharani. Tume ya Uholanzi ikafuatia kwa uchunguzi wake, na Bernhard akapoteza vyeo vyake jeshini.