Asilimia 62 ya nini? Kwa wanaojiandaa na tathmini ya kifua

Wafanyakazi wanakuja kwetu Mbeya kutoka machimbo ya Chunya, viwanda vya mbao vya Mafinga, makaa ya Kiwira. Karatasi ya kipimo cha kupuliza (spirometria) mezani, kidole juu ya namba, hesabu imeshapigwa nyumbani: "Daktari, hapa pameandikwa 62. Kwa hiyo mapafu yamekufa 38. Si ndiyo asilimia ya fidia watakayonilipa?" Wengine wamepigiwa hesabu hiyo na shemeji, wengine na wakili. Mmoja juzi alipigiwa na daktari mwenzangu, na hapo ndipo nikasema basi, leo naandika.

Hiyo 38 haipo popote. Si sehemu ya mapafu iliyokufa, wala si kiwango cha ulemavu. FEV1 ya 62% maana yake hewa uliyoitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza ni 62 ya kila 100 iliyotarajiwa kwa mtu mwenye afya wa umri, urefu na jinsia yako. Iliyotarajiwa ni wastani, na watu wenye afya wametawanyika pande zote mbili za wastani huo, wengi wao kati ya 80 na 120. Kijana aliyeanza kazi na 118 akishuka hadi 90 amepoteza hewa nyingi, na karatasi bado itamwandikia "kawaida". Mama mfupi mwembamba mwenye 79 tangu ujana anaweza kuwa mzima kabisa. Ndiyo maana tunaangalia alama ya z, inayoonyesha uko mbali kiasi gani na wastani ukilinganishwa na mtawanyiko huo: ikiwa chini ya −1.64 ndipo tunaanza kukunja uso.

Sasa swali ambalo wagonjwa hawaulizi, nami natamani waulize: nani aliyetarajia? Mashine inauliza umri, urefu, jinsia, na nyingi zinauliza pia asili yako, yaani Mzungu, Mweusi au nyingine. Milinganyo ya GLI (Global Lung Function Initiative) ya 2012, ndiyo hesabu inayotoa hiyo namba inayotarajiwa, iliyomo kwenye mashine nyingi, imewagawa watu kwa makundi, na kundi la weusi limejengwa juu ya Wamarekani Weusi. Takwimu za Afrika kusini mwa Sahara hazikutosha. Mchukue mwanamume wa miaka 45, urefu sentimita 170, amepuliza lita 2.5. Fundi akibonyeza "Mzungu", inatoka kama 70%. Akibonyeza kundi la Wamarekani Weusi, inatoka kama 82%. Mtu yule yule, pumzi ile ile! Kwa anayesoma kwa kisu cha 80, wa kwanza mgonjwa, wa pili aende nyumbani. Kisha watu wanabishana juu ya 62 na 64.

Ipo milinganyo ya GLI ya 2022 isiyouliza asili, na American Thoracic Society, chama cha wataalamu wa kifua cha Marekani, iliipendekeza mwaka 2023. Mimi naitumia. Lakini sitawadanganya kwamba najua wastani wa kweli wa mtu wa Rungwe au Makete aliyekulia jikoni kwenye moshi wa kuni, milango imefungwa kwa baridi ya Julai. Tunapima shamba kwa hatua za mtu wa kijiji kingine. Likishapimwa tunaandika ekari kwa nukta mbili za desimali, tunagonga muhuri.

Kwa hiyo tazameni lita. Asilimia za mashine mbili zenye milinganyo tofauti hazilinganishwi, lita zinalinganishwa. Mtu mzima hupungukiwa takriban mililita 25 hadi 30 za FEV1 kwa mwaka kwa sababu ya umri tu. Ukiwa umepoteza mililita 600 kwa miaka mitano, hilo ni jambo hata kama asilimia bado inapendeza. Kuliona kunahitaji karatasi ya zamani, na hapa ndipo wengi wanapoangusha kesi zao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya anapoajiriwa na akiwa kazini. Kama ulipulizishwa siku ya kuajiriwa, itafute karatasi ile kabla hujatafuta kitu kingine chochote.

Upande wa fidia: chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ulemavu wa kudumu usiozidi 30% hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Naelewa basi kwa nini watu wanaikimbiza namba. Ila 30 hiyo ni ya mwisho wa tathmini. Anayetathmini anaangalia matokeo baada ya pampu (dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa), picha ya kifua, historia ya kazi, na unachoweza kufanya. Mimi huongeza matembezi ya dakika sita nikiangalia oksijeni inavyoshuka. Kuna wazee wa vumbi la mawe ambao picha ya kifua inatisha na kupuliza kwao ni kuzuri tu. Kuna wengine FEV1 ni 45% na wanapanda mlima na mzigo. Sijui kueleza vizuri tofauti hii, na anayesema anaijua yote namwogopa.

Halafu wale wa "nipulize kidogo ili niambulie zaidi." Baba, tunaona. Mchoro unakuwa na kilele butu, na majaribio hayafanani. Tunataka matatu yanayokubalika, mawili bora yasipishane zaidi ya mililita 150. Usipofikia, ripoti inaandikwa "jitihada haikutosha" na unarudi nyumbani bila namba yoyote. Kinachonisumbua ni kwamba yupo anayeshindwa kwa kikohozi au maumivu ya mbavu, na mchoro wake unaweza kufanana na wa mjanja. Sina mizani ya kutenganisha hao wawili kila mara. Ukiumwa sema mapema, iandikwe.

Maandalizi yenyewe ni mafupi. Kama unakohoa wiki mbili au zaidi, makohozi yapimwe TB kwanza; sipulizishi mtu kabla ya hapo. Usivute sigara saa moja kabla, usishibe sana, usivae mkanda wa kubana. Pampu ya salbutamol iache saa nne hadi sita ikiwa tumekuambia uiache. Ukibanwa, vuta, utatuambia. Meno ya bandia yasiyolegea baki nayo. Urefu upimwe bila viatu, na mwenye mgongo uliopinda apimwe mikono ikiwa imenyooshwa pembeni. Sentimita tano za uongo zinahamisha asilimia yako kwa kama sita. Njoo na kadi ya TB kama uliwahi kutibiwa, na karatasi yenye miaka ya kazi: wapi, vumbi gani, saa ngapi kwa siku, barakoa ilikuwepo au haikuwepo.

Na tafadhali, msiisingizie Mbeya. Kwenye mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, hivyo oksijeni ya kidoleni huwa chini kidogo kuliko Dar es Salaam, lakini lita unazopuliza hazipungui kwa sababu ya mlima. Kinachonitatiza ni mgonjwa wa Uyole anayetathminiwa pwani: kule anatembea koridoni na oksijeni ya 93%, huku nyumbani kwake anashuka hadi 87 akipanda ngazi. Aandikiwe ipi? Mimi huandika zote mbili na mahali zilipopimwa.

Ukipewa matokeo ya mstari mmoja, "mapafu 62%", usiondoke dirishani. Omba kurasa zenye michoro, lita kabla na baada ya pampu, na jina la milinganyo iliyotumika. Ni haki yako, na kuchapa ni dakika moja tu wino ukiwepo.