Tabaka la huduma na tabaka la data: kanuni ikae wapi?

Kwenye stoo za dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mnunuzi haingii ndani kujichotea gunia. Anaanza kwa karani, wanapatana bei, analipa au anaandikiwa deni. Ndipo karani anampa sauti mtunza stoo, ambaye kazi yake ni kujua gunia lipi liko wapi na yamebaki mangapi. Mtunza stoo haulizi habari za deni, na karani hapandi juu ya magunia.

Programu nyingi za biashara hugawanywa vivyo hivyo. Tabaka la huduma ndilo karani: linashika kanuni za biashara na kupanga hatua zifuatane vipi. Tabaka la data ndilo mtunza stoo: linasoma na kuandika kwenye hifadhidata, basi. Namna zilizozoeleka za kuyajenga matabaka hayo huitwa ruwaza, yaani suluhisho ambalo waandishi wengi wa programu walilifikia kila mmoja kivyake, hadi likapewa jina. Majina mengi ya ruwaza hizi yalienea baada ya Martin Fowler, mwandishi wa vitabu vya programu, na wenzake kuyakusanya kitabuni mwaka 2002. Jina linarahisisha mazungumzo, lakini halikuchagulii.

Upande wa data, nyepesi kuliko zote ni rekodi inayojihifadhi yenyewe. Kitu kimoja kwenye programu ni mstari mmoja wa jedwali, na kinajua kujisoma na kujiandika. Rails, Django na Laravel, ambazo ni fremuweki, yaani viunzi vilivyo tayari vya kujengea programu, zimejengwa kwa mtindo huo. Mimi huanza nao karibu kila mara, wala sioni haya. Kinyume chake ni mkalimani wa data, kama Hibernate ya Java au Doctrine ya PHP: kitu cha biashara hakijui kabisa kwamba kuna hifadhidata, na msimbo mwingine unatafsiri huku na huku. Huo unalipa pale ambapo kanuni zenyewe ni ngumu kuliko majedwali.

Katikati kuna ripozitori, na hapa ndipo vijana wengi wanapopotezea muda. Ripozitori ni mlango mmoja wa kuulizia data. Unasema "nipe mauzo ambayo hayajalipwa", na namna yanavyopatikana si shauri lako. Sababu inayotajwa sana ni kwamba kesho tukibadilisha hifadhidata, tutagusa sehemu moja tu. Hiyo kesho sijaiona bado. Nilichokiona ni ripozitori ishirini ambazo kila moja inarudia neno kwa neno kile ambacho fremuweki ilishakupa bure.

Ila kuna mahali niliihitaji kweli. Mama mmoja niliyemwandikia programu ana stoo Mwaloni na wakala Ukerewe anayempokelea mzigo. Mtandao ukikatika kule, simu ya wakala inaandika kwanza kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani yake, kisha mtandao ukirudi inatuma kwenye seva. Hifadhi mbili, swali lile lile. Hapo ripozitori ilikuwa na kazi ya kufanya. Ilitufaa pia kwa jambo jingine: orodha ya mauzo 200 ilikuwa inauliza jina la mteja mmoja mmoja, hivyo ukurasa mmoja ukapeleka maswali 201 kwenye hifadhidata, moja la orodha na 200 ya majina. Kwa kuwa swali lilikaa sehemu moja, nililiandika upya, yakawa maswali mawili.

Tabaka la huduma nililielewa kwa maumivu. Mwanzoni mauzo yote yalipitia kompyuta ya mezani, na kanuni ya deni, kwamba mteja aliyevuka kiwango asipewe mzigo mwingine, niliiandika ndani ya fomu yenyewe. Baadaye tukaongeza simu kwa kijana anayeuzia pale malori yanapopakia. Fomu mpya, kanuni nikaisahau. Mdaiwa aliyekataliwa mezani alizunguka nyuma akaondoka na gunia kumi na mbili. "Kijana," mama akaniuliza, "hiyo mashine yako ina akili mbili?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Biashara ikishakuwa na milango miwili, kanuni haiwezi kukaa mlangoni. Niliihamishia kwenye huduma moja iitwayo kuuza, na meza na simu zote zikawa zinaiita hiyo. Huduma hiyo ndiyo inayofungua na kufunga muamala pia: kupunguza magunia, kuandika deni na kutoa risiti vifanyike vyote au kisifanyike hata kimoja. Kazi hiyo usiiache kwa tabaka la data, maana mtunza stoo hawezi kujua kama kupungua kwa magunia na kuongezeka kwa deni ni tukio moja au mawili.

Ukiona huduma inapokea ombi na kulipitisha chini kama lilivyo, bila kanuni wala muamala wa hatua kadhaa, hiyo ifute. Programu ya yule mama ina huduma tatu tu: kuuza, kupokea mzigo na kulipa deni. Orodha ya namba za wateja bado inatoka kwenye jedwali moja kwa moja hadi kwenye skrini, na nimeiacha hivyo hivyo.