Imi-eda: maana ya matawi ya mwiko katika bonsai

Imi-eda ni neno la Kijapani ambalo watunzaji wa bonsai, yaani miti inayotunzwa midogo ndani ya chungu, hulitumia kutaja matawi yanayohesabiwa kuwa yanaharibu mti kwa sababu ya mahali yalipoota au upande yalikoelekea. Eda ni tawi, na imi ni jambo linaloepukwa kwa mwiko, hivyo kwa Kiswahili tunaweza kuyaita matawi ya mwiko bila kupoteza maana. Kwa bahati mbaya, dhana hii huwafikia wanaoanza ikiwa orodha ya matawi ya kukatwa, wakashika mkasi kabla hawajajua ni tawi gani wanalolitaka libaki. Tawi la mwiko ni tawi linalopaswa kuulizwa lina kazi gani mtini, na jibu la swali hilo si kukata kila mara.

Miiko hii haieleweki bila lengo lake. Bonsai si aina ya mti, wala si mti uliodumazwa kwa dawa. Bon ni chombo cha kupandia chenye kina kifupi na sai ni kupanda, na ustadi wenyewe ulifika Japani kutoka China. Mti wa kawaida kabisa, uwe msonobari au wa jamii ya mtarakwa, hupogolewa mizizi na matawi ili ukiwa na kimo cha sentimita 40 umkumbushe mtazamaji mti mzee uliosimama porini. Mti wa namna hiyo una shina nene chini linalopungua taratibu kuelekea kileleni, matawi yake ya chini ni manene kuliko ya juu, na kati ya matawi pana nafasi ya mwanga kupita. Kila tawi la mwiko linavuruga mojawapo ya mambo hayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kuruma-eda, yaani matawi ya gurudumu, ambayo huchomoza mahali pamoja kuzunguka shina kama mataruma ya gurudumu la baiskeli. Msonobari huota hivyo kwa maumbile yake, kwa maana kila msimu ncha yake hutoa machipukizi kadhaa kwa pamoja. Ukiyaacha yote, kila tawi hujenga mbao zake hapo kwenye chimbuko, na baada ya miaka michache shina huvimba kama goti, likawa nene juu kuliko chini yake. Uvimbe huo haurudi nyuma, na kuukata huacha kovu kubwa mahali ambapo jicho hutua kwanza. Ndiyo maana mafundi hupunguza gurudumu mapema, matawi yangali membamba, wakabakiza moja au mawili. Kannuki-eda ni jamaa wa karibu wa kosa hilo: kannuki ni komeo la lango, na hapa matawi mawili huota yakikabiliana kwa kimo kimoja, yakalikata shina katikati kama komeo.

Hara-eda ni tawi la tumboni, nalo huota upande wa ndani wa mpindo wa shina. Mti uliopinda hutafuta mwanga, kwa hiyo tawi lenye afya hukaa nje ya mpindo, kwenye mgongo wake, wakati lile la ndani hubaki kivulini na kuziba nafasi ambayo ingeuonyesha mpindo wenyewe. Mengine yanaelezeka kwa maneno machache: linalomchoma mtazamaji machoni kutoka mbele, linalopanda wima, linaloning'inia wima kwenda chini, linalokatiza mbele ya shina, na lile linalolala sambamba juu ya jingine na kulinyima jua.

Uamuzi wenyewe lakini hauanzii kwenye makosa hayo. Mti huwekwa juu ya meza kwa kimo cha macho, udongo ukafukuliwa kidogo hadi mizizi ya juu ionekane, kisha ukazungushwa polepole mpaka upatikane uso wake, yaani upande ambao mizizi, unene na mpindo wa shina vinaonekana vizuri kwa pamoja. Hapo ndipo linapotafutwa tawi la kwanza, ambalo kwa desturi hukaa karibu na theluthi ya kimo. Kwa mti wa sentimita 45 ni kama sentimita 15 kutoka kwenye udongo, nje ya mpindo. La pili huwekwa juu kidogo upande wa pili, na la tatu huelekea nyuma, maana mti usio na tawi la nyuma huonekana kama picha iliyobandikwa ukutani. Matawi haya matatu yakishajulikana, mengi kati ya yaliyobaki hujitenga yenyewe. Ikiwa gurudumu la matawi matano limeangukia mahali pa tawi la kwanza, libakizwe lile linaloelekea upande unaotakiwa, hata kama si nene kuliko wenzake, kwa kuwa unene huongezeka kwa kuliacha likue bila kukatwa, ilhali chimbuko la tawi halihamishiki.

Lipo pia tawi linalokosa bila kuvunja mwiko wowote, nalo ni tawi nene lililo karibu na kilele. Kwenye miti mingi ncha ya juu hutengeneza homoni ya auksini, inayoyazuia macho ya chini, yaani vitumba vya machipukizi, yasichipue, hivyo kilele hunenepa huku matawi ya chini yakidhoofika. Kwa maoni yangu, hili linastahili kuondolewa kabla ya tawi la tumboni, kwa sababu tawi la tumboni huudhi jicho tu, ilhali hili linayaua polepole matawi ya chini, ambayo ndiyo magumu zaidi kuyapata tena.

Ugumu huo hautoshani kwa miti yote. Mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania ni wa jenasi moja na mijunipa inayopendwa na mafundi wa Japani, na miti ya jenasi hiyo, sawa na misonobari, kwa kawaida haichipui tena kwenye mbao kuukuu zisizo na majani. Tawi likivuliwa majani yote hufa. Miti ya jamii ya mkuyu huchipua hata kwenye shina nene lililokatwa. Huko Guangdong, China, mtindo wa bonsai uitwao Lingnan umejengwa juu ya sifa ya namna hiyo: tawi hukatwa, likaachwa lirefuke, likakatwa tena juu ya jicho linaloangalia upande unaotakiwa, na umbo likatokana na mkasi zaidi kuliko waya. Mwenye mkuyu kwenye chungu anaweza kujaribu na kurekebisha. Mwenye mtarakwa hulifunika kwanza tawi analolitilia shaka kwa kitambaa cheusi, akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama pengo, na pengine akakiacha kitambaa hapo hadi kesho yake.

Tawi lililohukumiwa si lazima litoweke. La tumboni linaweza kufungwa waya wa shaba na kuzungushwa nyuma ya shina likajaze nafasi tupu. La gurudumu kwenye mtarakwa linaweza kumenywa gamba na kuachwa mbao tupu, jin kwa Kijapani, likawa mfano wa tawi lililokaushwa na radi au theluji. Jingine, la chini na lenye nguvu, huachwa lirefuke ovyo kwa miaka kadhaa ili kunenepesha sehemu ya shina iliyo chini yake, huku ncha zake zikizuiwa zisiyatie kivuli matawi yaliyochaguliwa. Fundi hulichagua la upande wa nyuma kwa kazi hiyo, kwa kuwa siku litakapokatwa kovu lake litatazama ukuta.