Je, wajua kwa nini betri ya 9900 ni nyepesi kuliko ya 2500?

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kuchagua betri ya vepu (sigara ya kielektroniki) ni kama kuchagua tangi la maji: tazama namba kubwa, lipa, nenda nyumbani. Niliwashauri hivyo watu wawili, na mmoja bado ananikumbusha.

Kwenye kibanda kimoja Luthuli Avenue, Nairobi, niliwekewa seli mbili mezani, yaani betri za moja moja. Ya kwanza ilikuwa na ganda jekundu lililoandikwa 9900 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa). Ya pili, ya kijani, iliandikwa 2500 tu, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile nyekundu. Nikaona muuzaji hajui hesabu. Nikachukua nyekundu upesi kabla hajagundua kosa lake.

Jioni ile vepu ilizima baada ya muda mfupi, na kifaa kilikuwa na moto kama kikombe cha chai. Rafiki yangu alikuwa na seli ya kijani kama ile niliyoidharau, kwa hiyo tukazipeleka zote mbili kwa jirani anayeuza viungo kwa gramu. Mizani yake ilisema gramu 45 kwa ya kijani na 27 kwa yangu. Jirani akaitikisa karibu na sikio. "Hii yako wameijaza nini, pamba?"

Hakuwa mbali na ukweli. Seli hizi huitwa 18650: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, na ile sifuri ya mwisho inaonyesha kwamba umbo ni mcheduara. Nafasi ya ndani haiongezeki kwa sababu mtu amechapisha namba kubwa nje. Umeme wa lithiamu hukaa ndani ya vitu vyenye uzito: unga wa grafiti, oksidi za metali, foili ya shaba. Ndiyo maana seli halisi ya ukubwa huu huwa na gramu 45 hivi au zaidi kidogo. Ukipunguza uzito umepunguza umeme. Aliyetengeneza ile yangu huenda alitia seli ndogo katikati na kuziba nafasi iliyobaki kwa chochote kilichokuwa karibu.

Tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo iliyonitoa tongotongo. Seli nzuri za 18650 kwa muda mrefu zimeishia 3500 au 3600 mAh. Chache za kisasa zinadaiwa kukaribia 4000. Kwa volti 3.6, seli ya 3500 hubeba wati-saa 12.6. Ile yangu ya 9900 ingebeba zaidi ya 35 ndani ya kopo lile lile. Sasa kumbuka kwamba gari la Tesla Roadster la mwaka 2008 lilitumia seli 6,831 za ukubwa huu huu. Kama kweli kuna kibanda mjini kinachouza seli yenye umeme karibu mara tatu ya ile bora ya viwandani, kwa bei ya soda mbili, basi wahandisi wa magari ya umeme wangekuwa wamepanga foleni pale tangu alfajiri. Mimi sikuwaona. Nilikuwa peke yangu.

Ila mizani humkamata mwongo mvivu tu. Mafundi hufungua betri za laptopu zilizokufa, wakachomoa seli ambazo bado zina uhai kidogo, wakazivalisha ganda jipya linalong'aa. Hizo zitapima gramu 45 bila wasiwasi, kwa sababu ni halisi. Zimechoka tu, kama mchezaji mstaafu aliyepewa jezi mpya. Na hata zilipokuwa changa hazikuumbwa kwa kazi ya vepu.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipokuwa. Tuseme namba zote zilizochapishwa ni za kweli: bado nilikuwa nasoma namba isiyofaa. mAh hukuambia betri ina umeme kiasi gani ikiutoa polepole. Haisemi inaweza kuutoa kwa kasi gani. Kasi hiyo hupimwa kwa ampea, na kwa vepu ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kinachoshangaza ni kwamba namba hizi mbili huvutana: ndani ya kopo lile lile, ukiongeza moja kwa kawaida unapunguza nyingine.

Sababu iko ndani ya mkunjo. Seli ya 18650 ni kama mkeka uliokunjwa ukasukumwa ndani ya mkebe. Mkeka wenyewe una tabaka: foili ya shaba iliyopakwa grafiti, foili ya aluminiamu iliyopakwa oksidi ya metali, na kati yao utando mwembamba wa plastiki unaozuia zisigusane. Umeme umehifadhiwa kwenye kile kilichopakwa. Foili ni barabara tu. Fikiria mkate na siagi. Anayetaka mAh nyingi hupaka siagi nene na kutumia mkate mwembamba, lakini kwa kuwa siagi ni nene, mkeka unalazimika kuwa mfupi ili uenee mkebeni. Anayetaka ampea hupaka siagi nyembamba juu ya mkeka mrefu, na mkate unakula nafasi ambayo ingekaa siagi.

Kwa nini siagi nene ni polepole? Panda nami basi la abiria 56 lenye mlango mmoja. Linafika mjini na wote wanashuka. Wa kiti cha mbele yuko chini mara moja; wa kiti cha nyuma anangoja, anasukumana, anakanyagwa. Sasa chukua abiria hao hao uwagawe kwenye matatu nne za watu 14, kila moja na mlango wake. Idadi haijabadilika, lakini stendi imejaa watu ndani ya nusu dakika. Ioni za lithiamu, zile chembe zinazobeba umeme ndani ya seli, ndio abiria. Zilizo chini kabisa ya tabaka nene zina safari ndefu kupenya hadi kwenye utando, na ukizidai zote kwa pamoja zinakwama njiani.

Mfano wa basi una kasoro moja: abiria waliokwama hununa tu, ila msongamano wa ndani ya seli hugeuka joto. Na joto hilo halipandi kwa adabu. Ukiongeza mkondo (zile ampea) mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Chukua seli yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.06. Kwa ampea 10 inajichemsha kwa wati 6. Kwa ampea 20 inajichemsha kwa wati 24, ndani ya kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Seli yenye omu 0.02 ingekuwa na wati 8 tu kwa mkondo huo huo. Utando ule wa plastiki huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Ukiyeyuka, foili hugusana, seli inapiga shoti ndani kwa ndani, joto linazaa joto, na kuanzia hapo haizimwi kwa kupulizwa. Nisikutishe kupita kiasi: seli nyingi bandia hufa kimya, zimechoka. Lakini hii unaishika karibu na uso. (Mapafu na nikotini vina kesi yao, na si nyepesi. Hapa nashughulika na kopo la chuma tu.)

Vepu hudai mkondo kiasi gani, basi? Kwenye kifaa kisicho na saketi ya kudhibiti, hesabu ni ya darasani: gawanya volti kwa omu. Seli iliyojaa ina volti 4.2, koili (waya unaopashwa moto) ya omu 0.2 itavuta ampea 21. Kwenye kifaa chenye saketi unagawanya wati kwa volti, na hapa kuna jambo lililonichekesha: betri inavyozidi kuisha, ndivyo inavyovutwa kwa nguvu zaidi. Kifaa kimeahidi wati 60 na kitatoa wati 60, kwa hiyo volti zikishuka hadi 3.2 mkondo unapanda hadi karibu ampea 19, bila kuhesabu kinachopotea kwenye saketi. Punda anachapwa zaidi kadiri anavyochoka.

Sasa seli ya kijani inaeleweka. Samsung 25R ni 2500 mAh, lakini imeidhinishwa kutoa ampea 20 mfululizo. Samsung 35E ina 3500 na huishia ampea 8. Kwa tochi ya mlinzi wa usiku 35E ni nzuri sana. Kwa vepu ya wati 60 itaanguka volti mapema, kifaa kitasema betri imekwisha huku nusu ya abiria bado wamekwama ndani. Katikati wako akina LG HG2, 3000 mAh kwa ampea 20, na Molicel P26A, 2600 kwa 35. Kama kifaa chako kinapokea kopo pana la 21700 (milimita 21 kwa 70), chukua hilo: Molicel P42A ina 4200 mAh na ampea 45, kwa sababu tu mkebe ni mkubwa. Ukiona 18650 inayojigamba 3500 mAh na ampea 40 kwa pamoja, irudishe mezani taratibu.

Muulize muuzaji modeli ya seli iliyo ndani, usiridhike na jina la ganda, kisha tafuta karatasi ya vipimo ya kiwanda na usome mkondo wa mfululizo. Ule wa sekunde chache ni wa kujisifia. Lazima niongeze kwamba watengenezaji wakubwa wa seli hizi husema wazi hawaziuzi moja moja kwa watu binafsi, na mwaka 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilionya dhidi ya kutumia 18650 zilizo peke yake. Vepu yenye betri iliyofungwa ndani na saketi yake ya kinga ni salama zaidi kwa asiyetaka hesabu hizi zote.

Na tazama ganda. Kopo lote la chuma ni hasi, kuanzia kitako hadi ukingo wa juu, na chanya ni kile kitufe kidogo cha katikati. Kinachotenganisha viwili hivyo ni duara jembamba la karatasi na plastiki. Ganda likichanika pale juu, usiitumie hadi livalishwe jipya. Funguo na sarafu za mfukoni zinaweza kuunganisha ncha hizo mbili. Kasha la plastiki la kubebea seli ni la bei ndogo kuliko suruali.

Kuhusu kudumu, adui ni joto na kukaa zimejaa. Seli za aina hii kwa kawaida hustahimili mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji na kutumia kabla ya kupungua sana. Kuzichaji hadi volti 4.1 badala ya 4.2 kunakunyima takriban sehemu ya kumi ya umeme lakini kunaongeza mizunguko. Kama hutazitumia kwa wiki kadhaa, ziweke zikiwa nusu. Najua stima za mtaani zinatufundisha kujaza kila kitu kabla hazijapotea. Kwa simu sawa, kwa seli za akiba hapana. Usiziache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Kifaa cha seli mbili kinataka ndoa: zinunuliwe siku moja, zichajiwe pamoja, zistaafu pamoja.

Ile nyekundu niliibandika selotepu kwenye ncha zote mbili nikaipeleka kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre kwa kazi hiyo. Kijana aliyeipokea aliipima kwa kiganja tu, akasoma 9900, akaitupa kwenye ndoo iliyokuwa imejaa nyekundu nyingine.