Indiketa ikipiga mbio si lazima flasha imekufa
Hapa Kisumu ukipeleka gari kwa fundi indiketa ikipiga tik-tik-tik mbio mbio upande mmoja, utaambiwa tu flasha (kale kadude kanawasha na kuzima indiketa) imekufa nunua ingine. Mara nyingi si hivyo. Kwa gari nyingi flasha inapima umeme unaoenda kwa balbu, na zile kubwa za mbele na nyuma kawaida ni wati 21 kila moja, sasa moja ikiungua umeme unapungua na flasha inaongeza spidi makusudi kukuonya. Washa hazadi (indiketa zote pamoja), zunguka gari, uone gani haiwaki, itoe uchungulie kale kawaya ka ndani kama kamekatika. Balbu ikiwa nzima angalia kutu kwa holda. Ukifunga balbu za LED pia itapiga mbio, juu zinakula umeme kidogo.