Kodi ya Nyumba ya Marehemu: Nani Ana Haki ya Kuipokea?

Kuna malalamiko yanayorudi kwenye rejista yetu ya mirathi, ofisi ya mahakama inayopokea mashauri ya urithi hapa Mombasa, kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Baba amefariki. Ameacha nyumba ya vyumba sita Majengo au Kisauni, wapangaji wamo, na kodi inaingia kila mwezi mkononi mwa mtoto mmoja. Mwaka wa kwanza wenziwe hunyamaza kwa heshima. Mwaka wa tatu huja mahakamani wakitaka hesabu, naye hesabu hana.

Maswali yameongezeka tangu Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua, katika shauri lililoanzia hapa hapa Mombasa, kwamba mtoto hawezi kunyimwa urithi wa baba yake Muislamu kwa sababu tu alizaliwa nje ya ndoa. Makala haya hayaujadili uamuzi huo, wala si ushauri juu ya kesi yoyote iliyo mbele ya hakimu, kadhi au jaji. Yanaeleza utaratibu, kwa kuwa familia nyingi hugombania mafungu kabla hazijapata mtu mwenye mamlaka ya kugawa.

Mali ya marehemu haiguswi mpaka mahakama itoe hati ya kumteua msimamizi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, kinamkataza mtu yeyote kuchukua, kuuza au kuingilia mali hiyo bila idhini ya sheria au hati ya usimamizi. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wapo wanaosikia elfu kumi wakaona ni kitu kidogo. Tunawaomba wakisome kifungu chote. Aliyeingilia mali anawajibika pia kwa msimamizi halali kwa kiasi cha mali aliyoigusa, yakitolewa yale tu aliyoyalipa kwa njia halali ya usimamizi. Kodi ya vyumba sita kwa miaka minne si elfu kumi.

“Sisi ni Waislamu, sheria hiyo haituhusu.” Kauli hii ina ukweli nusu. Mafungu ya mirathi ya Muislamu hufuata sharia ya Kiislamu, na Sura ya 160 yenyewe inasema hivyo katika kifungu cha 2(3). Ila kifungu cha 2(4) kinaongeza kwamba Sehemu ya Saba, inayohusu usimamizi wa mali, inatumika kwa Waislamu pia pale isipopingana na sharia. Kifungu cha 45 kimo ndani ya Sehemu hiyo. Na ni sharia gani iliyompa kaka mkubwa ruhusa ya kula fungu la dada yake?

Barua ya chifu inataja walioachwa na marehemu, basi. Haimteui mtu. Kikao cha ukoo hakimteui mtu, hata muhtasari wake ukiwa na sahihi za ami na shangazi na muhuri wa msikiti. Kuwa mzaliwa wa kwanza, kushika funguo, kuwa ndiye uliyemuuguza marehemu mpaka mwisho, yote hayo yana heshima yake nyumbani, lakini hayakupi mamlaka ya kupokea shilingi moja ya mpangaji kama mali yako. Tumelisema hili barazani, redioni na dirishani kwetu, na bado watu waliosoma vizuri wanakwenda benki na barua ya chifu kudai pesa za marehemu, kisha wanakuja kwetu wakilalamika kuwa benki imewadhulumu. Benki imefuata sheria.

Chukua mfano wa nyumba inayoingiza shilingi 24,000 kwa mwezi. Marehemu ni Muislamu, hana deni, wazazi wake walitangulia, na ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumuni, sehemu moja ya nane, yaani shilingi 3,000. Inayobaki hugawanywa mtoto wa kiume akipata mara mbili ya wa kike: kila mwana 7,000, kila binti 3,500. Sasa badilisha jambo moja tu: marehemu si Muislamu na hakuacha wasia. Hapo mjane, pamoja na vyombo vya nyumbani, ana haki ya kufaidika na mali iliyobaki maisha yake yote, na kodi ni yake. Watoto, wa kike na wa kiume kwa usawa, husubiri zamu yao. Mjane hawezi hata hivyo kuiuza nyumba kwa hiari yake. Sheria inataka ridhaa ya mahakama kwa kila mali isiyohamishika. Huko Changamwe na Likoni tunawaona vijana wakimnyang’anya mama yao kodi kwa madai kuwa “mali ya baba ni ya watoto.” Huyo mama ndiye mwenye haki, na kijana ndiye anayevunja sheria.

Kuhusu mahakama ipi, Kifungu cha 170 cha Katiba kinataka mambo mawili kwa pamoja ili Kadhi asikilize shauri: wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali mamlaka yake. Mmoja akikataa, au mjane mmoja akiwa Mkristo, shauri huelekezwa kwingine. Kadhi huamua warithi ni nani, mali ni ipi na kila mmoja fungu lake ni lipi, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji huketi na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Kwa wengine, Hakimu Mkuu husikiliza mirathi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 20, na inayozidi hapo ni ya Mahakama Kuu. Tafadhali msifungue mashauri mawili katika mahakama mbili kwa nyumba moja. Linatokea, na huishia kwa hati mbili zinazopingana na miaka ya kuzitengua.

Katika mahakama ya hakimu au Mahakama Kuu, anayeomba huleta cheti cha kifo, barua ya chifu, fomu P&A 80 ikiwa hakuna wasia au P&A 78 ikiwa upo, na pasipo wasia kiapo cha fomu P&A 5, na fomu P&A 38 ya ridhaa ya wale wenye haki sawa na yake au inayomtangulia. Lazima ataje wote: wajane, watoto, wazazi, ndugu, na wajukuu waliofiwa na mzazi aliyekuwa mtoto wa marehemu. Kila mtoto. Wa ndoa ya kwanza, wa ndoa ya pili, aliyeko Jeddah, aliyekosana na marehemu, na yule ambaye familia haimtaji sebuleni. Kama ana haki au hana, na ya kiasi gani, ataamua mwenye kuamua. Kazi ya mwombaji ni kumtaja. Kifungu cha 52 kinamtia hatiani anayetoa kwa makusudi maelezo ya uongo katika maombi, kwa faini na kifungo kama vile vya kifungu cha 45. Kifungu cha 76 nacho kinaruhusu hati itenguliwe wakati wowote, hata ikiwa imeshathibitishwa, yaani mahakama imeshaidhinisha ugawaji, ikidhihirika kuwa ilipatikana kwa kuficha jambo la maana. Mtoto aliyefichwa leo anaweza kuja akiwa mtu mzima, na nyumba mmeshaivunja na kujenga ghorofa.

Maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Bila pingamizi, hati hutolewa, kwa wasimamizi wasiozidi wanne. Akiwepo mrithi mtoto mdogo, msimamizi mmoja peke yake hatoshi. Kisha kuna miezi sita ya kusubiri kabla ya kuomba hati ithibitishwe, isipokuwa mahakama iridhike kuharakisha. Ndani ya miezi hiyo sita msimamizi huwasilisha orodha kamili ya mali na hesabu. Akikaa mwaka mzima bila kuomba uthibitisho, hiyo nayo ni sababu ya kutenguliwa. Hati ikishathibitishwa ana miezi sita mingine ya kumaliza ugawaji. Kabla ya uthibitisho haruhusiwi kuuza ardhi wala nyumba, na mnunuzi anayelipa kwa kuonyeshwa barua ya chifu na sahihi za ndugu watatu hajanunua kitu.

Kodi ifanyweje wakati huo wote? Ipo hati ya muda, ya kukusanya na kuhifadhi mali peke yake, ambayo mahakama hutoa pale penye haraka. Aliyeipata hupokea kodi, hulipia maji na matengenezo, na kuiweka iliyobaki, hagawi. Na kama mwenye haki ya kwanza ya kuomba usimamizi amekataa kuomba na amekataa wengine waombe, mahakama inaweza kumpelekea wito aseme atafanya nini. Watu wangapi wanateseka miaka kwa kutojua hilo tu!

Sehemu kubwa ya nyumba zinazogombaniwa mjini kwetu ni nyumba bila ardhi. Marehemu alijenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine na kumlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Alichoacha ni jengo, na warithi hawawezi kurithi zaidi ya alichokuwa nacho yeye. Bado tunapokea viapo vinavyotaja “shamba na nyumba,” na nambari ya kiwanja iliyosajiliwa kwa jina la mwingine kabisa. Fanyeni upekuzi wa ardhi kwanza. Kodi ya kiwanja iliyolimbikizwa ni deni la marehemu, na deni hulipwa kabla ya fungu la mrithi yeyote. Tumeona ndugu wakitumia miaka kugawana vyumba ilhali mwenye shamba ameshafungua kesi ya kuwaondoa.

Nyumba ya wakf, yaani iliyotengwa daima kwa faida ya waliotajwa, haimo kabisa katika mirathi. Katika Mji wa Kale ziko nyumba ambazo babu aliziwekea wakf kwa kizazi chake, na wajukuu huja kuomba zigawanywe au ziuzwe kwa sababu “ni za familia.” Mapato ni ya waliotajwa na mwenye kuweka wakf, lakini nyumba yenyewe haigawanywi, na mwenye swali juu yake aanzie Tume ya Wakf. Amana za familia, yaani mali inayowekwa chini ya wadhamini kwa faida ya familia, zinazosajiliwa siku hizi zinafuata sheria yake nyingine, na anayetaka kuiunda amwone wakili.

Juu ya wasia nitasema machache. Muislamu hausii zaidi ya thuluthi ya mali, wala hausii kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia. Kwa asiye Muislamu, wasia wa maandishi hutaka mashahidi wawili au zaidi, na shahidi asiwe ndiye anayeachiwa mali. Wasia wa mdomo hutaka mashahidi wawili na mwenye kuusia awe amefariki ndani ya miezi mitatu.

Kesi inaweza kupelekwa kwenye usuluhishi ulio chini ya mahakama, na makubaliano yakifikiwa huwa amri kamili. Kwa ndugu ambao bado wanasalimiana, hii ni njia nzuri kuliko kusubiri hukumu.

Kwa aliyekuwa akipokea kodi bila hati mpaka leo, tunaamini wengi walifanya hivyo kwa sababu hakukuwa na mwingine. Afungue akaunti ya pembeni, kodi ya mwezi huu iingie humo, asiigawe na asiitumie ila kwa maji, kodi ya kiwanja na matengenezo yasiyoweza kungoja. Aandike daftari la nyuma: jina la kila mpangaji, chumba, mwezi, kiasi. Risiti za fundi azilete zote, hata zilizofifia, na pasipo risiti aandike tarehe, kazi iliyofanywa na jina la aliyelipwa. Daftari hilo ndilo litakaloangaliwa kwanza siku ndugu zake watakapoomba hesabu, na akija nalo mwenyewe kabla hawajaomba, liambatanishwe kwenye kiapo chake.