Kufuata maji kwa baiskeli, kutoka Malindi ya Unguja hadi Kidichi

Wageni wengi hufikishwa Kidichi kwa gari. Wanapiga picha mbele ya kuba la hamamu, nyumba ya kuogea ya zamani, wananusishwa mdalasini kwenye shamba la jirani, kisha wanarudishwa mjini kabla ya chakula cha mchana. Inaniuma. Mimi kazi yangu ni kutembeza watu kwa baiskeli, na naijua njia ya Bububu kuliko njia nyengine yoyote Unguja. Hamamu lile lina hadithi inayoanzia mbali, na hadithi yenyewe ni ya maji.

Lisikilize jina la Mtoni. Sultani Seyyid Said alipoanza kujijengea Unguja, kasri lake la mwanzo alilisimamisha pale, kijito kinapokutana na bahari. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa humo mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake, alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, anaukumbuka uwa wenye tausi na mabafu yaliyokuwa na watu mchana kutwa. Nyumba ya watu wengi namna ile haikai mbali na maji. Ndipo ninapowaambia ninaowatembeza wazime simu kwanza, wakae juu ya ukuta wasikilize.

Kabla ya Mtoni utakuwa umeshapita Maruhubi. Kasri la huko, la Seyyid Barghash, mtoto wa Seyyid Said, liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo nene zilizobeba baraza ya juu. Sogea karibu na nguzo moja uiguse pale chokaa ilipobanduka: ndani ni jiwe la matumbawe, lina vishimo vidogo vidogo kama mkate wa kumimina. Nyuma yake kuna matangi ya maji yaliyomea maua ya yungiyungi. Barghash huyo huyo, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyavuta maji ya chemchem za Bububu hadi mjini, watu wakaachana na visima vya chumvichumvi. Na hadi leo mji unakunywa kutoka huku.

Kuendesha hapa ni kwepesi. Njia ya pwani ni tambarare, na mwaka 1905 Wamarekani walilaza reli kwenye ukanda huu huu, kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu. Ni kama kilomita kumi tu, ila zipe asubuhi nzima. Toka saa kumi na mbili na nusu, kabla daladala za njia ya 502 hazijaanza kugombania abiria, maana dereva akiona mtu kanyoosha mkono hakutazami wewe. Nchi za wenzetu wana njia za baiskeli peke yake kando ya mito. Sisi hatuna, kwa hiyo kaa kushoto kabisa, na kila penye uchochoro wa kushukia pwani, ingia.

Watu huniuliza msimu. Wengi watakwambia kusi, kwa sababu jua si kali na upepo unakusukuma kwenda. Mimi nasema kaskazi. Asubuhi upepo unakuja usoni, lakini miguu bado mipya. Wakati wa kurudi, umechoka, upepo uko mgongoni. Chukua maji mara mbili ya unayodhani yatatosha.

Bububu ndipo unapokata kulia, na kuanzia hapo ni mlima. Simama kabla ya kupanda, ubonyeze tairi kwa kidole gumba. Liingie kidogo. Likiwa gumu kama jiwe litakurusha kwenye kokoto. Teremsha gia mapema, kwenye tambarare. Mimi mwaka mmoja nilisubiri mpaka katikati ya mlima, nikaibadilisha huku nimekanyaga kwa nguvu zote. Mnyororo ukakatika, nikaisukuma baiskeli hadi juu.

Sasa ingia hamamuni. Seyyid Said alilijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Shahrzad. Nje ni kuta nyeupe tu. Ndani, macho yakishazoea kiza, utaona lipu iliyochongwa maua na mitende, ufundi wa kwao. Aliyefika kwa gari huona birika kavu. Wewe uliyekuja na kijito cha Mtoni na matangi ya Maruhubi kichwani, utainama pembeni ya birika utafute tundu maji yalipokuwa yakiingilia.

Kurudi ni mteremko hadi barabara kuu. Bana breki ya nyuma kwanza, kidogo kidogo, hasa asubuhi yenye umande.